Alama ya kuuliza na nukta pacha: itumie wapi, iache wapi

Opereta ya sharti (? :) ina vipande vitatu: swali, jibu la ndiyo, na jibu la hapana. Tuseme unaandika programu ya bodaboda hapa Kampala kwa JavaScript, na abiria wa nauli kubwa hatozwi ada ya huduma:

const ada = nauli > 20000 ? 0 : 500;

Kwa if na else ungeandika mistari kama sita hivi, na ungelazimika kutangaza ada kwa let ili uijaze baadaye. Kupunguza mistari si hoja kubwa. Faida yenyewe ni kwamba ada inapata thamani yake mara moja, na hakuna mstari wa chini utakaokuja kuichezea.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: unachagua thamani, au unafanya kazi? Ukichagua thamani, tumia opereta. Ukitaka kutuma ujumbe kwa dereva au kufuta safari, andika if. Msimbo kama imelipwa ? tumaRisiti() : futaSafari() unaendeshwa bila kosa, lakini anayeusoma haraka hudhani kuna thamani inayorudi. (Nasema msimbo, si kodi. Kodi tuwaachie URA, mamlaka ya mapato ya Uganda.)

Kosa linalouma zaidi ni la mabano. Tazama huu wa JavaScript:

"Ada: " + nauli > 20000 ? 0 : 500

Alama ya kujumlisha hutangulia ile ya kulinganisha. Kwanza inaundwa "Ada: 25000", kisha maandishi hayo yanalinganishwa na 20000. Hayageuki namba, jibu ni uongo, na kila abiria anapata 500. Hata neno "Ada" halionekani kwenye skrini. Java ingekataa kukompaili. JavaScript inanyamaza tu. Weka mabano:

"Ada: " + (nauli > 20000 ? 0 : 500)

Kupanga opereta ndani ya opereta ndiko kunakoharibu nauli. Katika PHP:

$nauli = $km <= 2 ? 2000 : $km <= 5 ? 4000 : 7000;

Ukisoma kwa macho, safari ya kilomita 1, tuseme Wandegeya hadi Makerere, ni 2000. PHP 7 inatoa 4000! Inafunga kuanzia kushoto: sehemu ya kwanza inatoa 2000, na kwa kuwa 2000 si sifuri inahesabiwa kuwa kweli, basi inachukua 4000. PHP 7.4 ilianza kutoa onyo, na 8.0 inakataa kabisa msimbo usio na mabano. JavaScript hufunga kuanzia kulia, ndiyo maana mstari uleule ukihamishwa kutoka lugha moja kwenda nyingine hubadilika bei. Ngazi zikizidi mbili, mimi naona if ni nafuu hata pale mabano yapo.

Halafu kuna ufupisho wa ufupisho. Wengi huandika ada = adaMaalumu || 500, wakimaanisha "kama haikuwekwa, tumia 500". Lakini mteja aliyesamehewa ada ana 0, na 0 katika JavaScript ni uongo, kwa hiyo naye anatozwa 500. Ile ?: ya PHP, isiyo na kipande cha kati, ina ugonjwa huohuo. Tumia ??, ambayo haiigusi sifuri: inaingia tu pale thamani haipo kabisa (null, au undefined katika JavaScript). PHP inayo tangu 7.0, JavaScript tangu toleo la 2020.

Kwenye Java angalia aina. Integer deni = amelipa ? 0 : deniLaZamani, inaonekana salama, lakini 0 ni int, hivyo deniLaZamani, ambayo ni Integer (kasha linaloweza kubeba int au null), nayo inafunguliwa iwe int. Ikiwa ni null na mteja hajalipa, programu inaanguka hapohapo. Andika if, au hakikisha pande zote mbili ni Integer.

Python inageuza mpangilio: ada = 0 if nauli > 20000 else 500. Ipo tangu 2.5. Ukikuta msimbo wa zamani wenye nauli > 20000 and 0 or 500, urekebishe. Kwa sababu ya ile sifuri, daima unatoa 500.

Go haina opereta hii, usiitafute. Kotlin nayo haina, ila if yake hurudisha thamani:

val ada = if (nauli > 20000) 0 else 500