Kano ya kidole ikishashonwa: kusogeza si kutumia

Panga, chupa iliyovunjika, ukingo wa bati. Hivyo hukata kano za upande wa kiganja, yaani kamba za ndani zinazovuta vidole vikunjike, na zikishashonwa watu huziharibu kwa njia mbili. Kuna anayeogopa, akaulaza mkono mpaka kano ikagandana na nyama na kidole kikakakamaa. Mwingine maumivu yakiisha wiki ya nne anainua ndoo ya lita 20, kano inakatika. Nyuzi za ngozi hutolewa kati ya siku ya 10 na 14, basi mtu anajiona mzima. Kumbe ndani kano imelainika na bado inashikiliwa na uzi.

Siku za mwanzo pambana na uvimbe. Kiganja kikae juu ya usawa wa moyo, hata usingizini, kwa mito miwili. Khanga ya shingoni inayoacha kiganja kuning'inia chini ya kiwiko haisaidii kitu.

Banzi, kile kifaa kigumu cha kuushikilia mkono, hulala mgongoni mwa mkono, likikunja kidogo maungio ya chini ya vidole ili kano ilegee. Kwa kawaida huvaliwa wiki 6, usiku na mchana. Ukioga lifunike kwa nailoni, usilivue.

Zoezi lenyewe: kwa mkono ule usioumia, sukuma kidole kilichoshonwa taratibu kiende kiganjani, kisha kiache kinyooke mpaka kiguse banzi. Wengi hupewa mara 10 kila saa wakiwa macho, ila fuata ratiba ya mtaalamu wako wa mazoezi tiba, maana inategemea aina ya mshono. Usikikunje kwa nguvu zake chenyewe kabla hujaruhusiwa, na ndugu mwenye huruma asikuvutie kidole "kinyooke". Bega na kiwiko vizungushe kila siku, navyo hukaza.

Kukamua nguo, kusonga ugali, kukuna nazi, kubeba mizigo: subiri wiki ya 12. Ukisikia "tap" na ncha ya kidole ikagoma kukunjika, hata kama hakuumi, rudi hospitali siku hiyohiyo. Bonyeza kucha mara kwa mara: weupe usiporudi kuwa wekundu ndani ya sekunde mbili hivi, au kidole kikiwa cha baridi na ganzi inazidi, bandeji imebana, usingoje asubuhi. Usaha na homa navyo havingoji.

Kidonda kikifunga kabisa, paka mafuta mgando, kandamiza kovu kwa dole gumba ukizungusha mpaka ngozi yenyewe isogee. Dakika 5, mara tatu kwa siku. Kupakapaka juujuu ni kupoteza mafuta.

Kama mshipa wa fahamu nao ulishonwa, hukua takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka katikati ya kiganja hadi ncha ya kidole ni miezi mitatu au zaidi, na muda huo wote kidole hakijui moto. Sufuria ipime kwa mkono mwingine.