Asili ya matusi ya Kiswidi: jävel, kärring na “aina” (polisi)

Ndugu, umeuliza jävel na kärring yametoka wapi. Jävel limetokana na djävul, yaani shetani, na mzizi wake ni diabolos la Kigiriki. Matusi makali ya Waswidi mengi ni ya kidini. Kärring ni kerling la Kinordi cha kale (lugha ya zamani ya Skandinavia), yaani bibi kizee, lililotokana na karl, mwanamume. Leo linamdhalilisha mwanamke, usilitamke ovyo tafadhali.

Kuhakiki, fungua kamusi kubwa ya Svenska Akademien (taasisi ya lugha ya Kiswidi), bure mtandaoni: asili imo kwenye mabano ya mraba, mwanzoni mwa maelezo. Ukikosa jävel, tafuta djävul. Neno la mtaani la Kiswidi “aina”, yaani polisi, usilitafute humo: limetoka Kituruki, aynasız, na herufi A ilianza kuchapwa mwishoni mwa karne ya 19, kabla neno hilo halijaingia Kiswidi.