Mistari kabla ya Windows kuwaka? Usingoje

Kaka, umesema GTX 1060 yako, kadi ya picha ya kompyuta, inatoa mistari na vimiraba vya rangi kwenye skrini, na unaedit video za harusi hapo Uyole. Swali moja kwanza: vinatokea hata kwenye BIOS, ile skrini ya mwanzo ya mipangilio, kabla Windows haijawaka? Kama ndiyo, si draiva (programu inayoiendesha kadi). Kuna uwezekano mkubwa ni memori ya kadi, na hiyo haiponi kirahisi. Wakikwambia uioke kwenye oveni, kataa. Ikiamka, itakufa tena.

Kama ni ndani ya Windows tu, futa draiva uweke upya, kisha fungua kesi upulize vumbi. Kiangazi cha Mbeya vumbi linajaa kwenye feni haraka sana (niliwahi kutoa la kujaza kiganja). Badilisha na pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya chipu ya kadi, upime joto la kadi: likipita nyuzi 90, hapo ndipo tatizo.

Kwa kazi yako mimi nisingengoja. Video ya mteja ikikata katikati utamwambia nini bibi harusi? Tafuta kadi nyingine, RTX 3060 ya GB 12, ila angalia pawasaplai (kifaa kinachoilisha kompyuta umeme) kwanza: inataka wati 550. Pesa ikiwa bado, na prosesa yako ina grafiki zake, chomeka waya wa skrini (HDMI) kwenye madabodi badala ya kadi, uendelee polepole. Na hamisha mafaili ya kazi kwenye diski nyingine leo.