Mwanangu, Nenda Kwenye Ruracio, Naivasha Iache

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza, "Baba, tangu nitoke kituo cha kuacha pombe kila sherehe naiona imepooza. Nikae tu nyumbani, ama nitazoea?" Umetaja pia mambo mawili yanayokukaribia: ruracio ya binamu yako, yaani sherehe ya kupeleka mahari, na safari ya ofisi kwenda Naivasha. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu tungekatizana.

Nianze na huko kupooza. Wenzako wakikuona umenyamaza mezani watasema siku hizi unaboesha, nawe utaanza kuwaamini. Usiwaamini. Pombe huufanya ubongo umwage kwa wingi dopamini, kemikali inayohusika na raha na hamu. Mtu akinywa kwa miaka, ubongo hujikinga kwa kupunguza mwitikio wake, na siku anapoacha, muziki, nyama choma na soga havimgusi kama zamani. Raha hurudi, lakini polepole, kwa wiki na hata kwa miezi. Kwa hiyo sherehe ya sasa usiipime kwa raha uliyoisikia. Jiulize tu kama umerudi nyumbani salama, na kama kuna mtu mmoja mliyeongea mkaelewana. Hayo yanatosha kwa sasa.

Kazi yangu unaijua. Nimepiga picha za harusi Nairobi hii tangu hujazaliwa, na mpiga picha hanywi akiwa kazini, hivyo sherehe za watu nimeziona nikiwa na akili timamu, kuanzia maombi ya kwanza hadi viti vinapopakiwa kwenye lori. Picha ambazo familia hukuza na kutundika sebuleni, karibu zote ni za mchana. Bibi harusi akitoka kwa mamake. Shangazi wakiimba langoni, wamekataa kufungua mpaka wapewe kitu. Nyanya akicheka mpaka kitambaa cha kichwa kinamdondoka. Saa hizo chupa hazijafunguliwa. Usiku ukiingia, watu hurudia hadithi ile ile mara tatu, na mara nyingi picha hizo hakuna anayerudi kuziagiza. Furaha uliyoizoea ilitoka kwa hao watu, mwanangu, nao bado wapo.

Jambo jingine nililojifunza kazini: mtu mwenye shughuli mkononi haulizwi kwa nini hanywi. Siku ya ruracio omba kazi. Pokea wageni, simamia chakula, au unibebee kamera ya pili. Kula kabla hatujatoka, kwa sababu njaa na uchovu huamsha hamu haraka. Wazee wakipitisha pembe ya muratina, ile pombe ya kienyeji, wewe utapewa uji. Nitaongea na mjomba wako mapema, na hakuna atakayeshangaa, maana walokole wa ukoo wetu wamekunywa uji miaka yote. Mtu akikusukuma, "Onja tu, moja haiui," mjibu, "Asante, sinywi," kisha umuulize habari za watoto wake. Usimdanganye kwamba unatumia dawa za hospitali. Wiki ijayo atakuuliza kama dozi imeisha.

Kinywaji chako jimiminie mwenyewe, na ukikiacha mezani, ukirudi chukua kingine. Ukiwa mjini ukaagiza kinywaji kinachoitwa dawa, uliza kwanza ni ipi: kuna ya tangawizi, ndimu na asali inayonywewa moto, na kuna ya baa iliyotiwa vodka. Bia zinazoitwa zisizo na kilevi, nyingine huwa na hadi asilimia 0.5. Hata ikiwa sufuri kabisa, harufu ni ile ile, povu ni lile lile, na mkono unaikumbuka chupa. Mimi ningekaa nazo mbali, lakini mshauri wako wa kituoni anakujua zaidi katika hilo, muulize.

Naivasha usiende. Nasema wazi kwa sababu najua utajaribu kujishawishi. Ni kulala huko, basi ni moja, raundi zinanunuliwa tangu mchana, na ukizidiwa huna njia ya kurudi nyumbani usiku huo. Mwambie bosi wako safari hii huwezi, bila maelezo marefu. Mwaka mwingine utaenda, ukiwa na usafiri wako.

Na usikae tu nyumbani. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile inayoitwa ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, iliweka saa za baa: siku za kazi kuanzia saa 11 jioni, wikendi saa 8 mchana. Najua wapo wasioifuata. Lakini hebu ona mji ulivyo kabla ya saa hizo! Karura, msitu ambao Wangari Maathai aliupigania mwaka 1999 mpaka akapasuliwa kichwa, leo unakodi baiskeli pale, unateremka hadi maporomoko. Vilima vya Ngong vinataka uanze asubuhi na mapema, na ukifika chini umechoka uchovu mzuri, unalala bila kusubiri usingizi. Ukitaka jioni, kuna michezo ya kuigiza Kenya National Theatre, ambako watu wamekaa wakitazama jukwaa na nje mtapata la kubishania. Waalike wenzako huko. Wewe ndiye uanze kualika.

Baadhi hawatakuja. Hilo litakuuma, na sina cha kulipunguza. Kuna rafiki mliyefahamiana miaka na mkikutana bila chupa mnakosa la kusema. Usimlaumu, usimfuate baa ili kumwonyesha kwamba bado unampenda. Mpigie mchana.

Hamu ikikupanda ukiwa popote, toka nje, tembea, kunywa maji. Mara nyingi hupanda kisha ikashuka ndani ya nusu saa. Nipigie, hata ikiwa saa 9 usiku, simu yangu huwa karibu na kitanda. Nisiposhika, piga 1192 ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni ya bure, kisha unipigie tena.

Baba yako