Kusahau Kunakoletwa na Uchovu kwa Mwenye Ugonjwa Sugu

Mtu mwenye lupus (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), baridi yabisi au fibromialgia (maumivu sugu ya mwili mzima) akianza kukosa maneno katikati ya mazungumzo, hofu yake ya kwanza ni kwamba ubongo unaharibika. Kwa wengi sivyo. Jambo halikushika tangu lilipoingia, kwa kuwa lilipokuwa likisemwa umakini ulikuwa umeshaisha. Kinga ya mwili isiyotulia hutoa kemikali ziitwazo saitokini, na hizo huuarifu ubongo upunguze mwendo, vilevile inavyotokea mtu akiwa na homa. Maumivu nayo hula umakini, na usingizi wa kukatika-katika humalizia kilichobaki.

Kinachopungua kwanza ni kasi. Uwezo wa kufikiri upo, ila polepole. Mtu akiharakishwa ndipo makosa yanapoanza. Ndiyo maana kikao cha watu sita wanaodakiana maneno humchosha kuliko kitabu kigumu, maana kitabu humsubiri.

Hapa pia ndipo wagonjwa wengi wanapokosana na madaktari. Kipimo cha kumbukumbu hufanyika kwa dakika chache, kwenye chumba kimya, na karibu kila mtu anaweza kujikaza kwa muda huo. Majibu yanatoka mazuri, mgonjwa anaambiwa hana tatizo. Tatizo lake lingeonekana dakika ya arobaini. Basi usiende na malalamiko matupu, nenda na rekodi.

Rekodi yenyewe iwe fupi. Kwa siku 14, andika kazi uliyofanya iliyohitaji akili, saa uliyoianza, na dakika kosa la kwanza lilipotokea: umesoma sentensi ileile mara mbili, umegeuza tarakimu, umekosa neno la kawaida. Ongeza uchovu wako kwa alama 0 hadi 10 na saa ulizolala. Basi. Daftari lenye safu kumi huachwa siku ya tatu, na mwenye uchovu ndiye huliacha mapema zaidi.

Baada ya wiki mbili utauona mpaka wako. Tuseme makosa huanza karibu na dakika ya 30. Weka kengele ilie dakika ya 20, uache kazi hapo hata kama unajisikia vizuri, upumzike dakika 10. Ukisubiri mpaka uchoke ndipo upumzike, dakika hizo 10 hazitatosha. Na kupumzika maana yake ni kufumba macho, bila simu wala redio ya mazungumzo. Mpango huu hushindwa hapo kuliko mahali pengine popote: mtu anaacha hesabu za kazini, anashika simu kusoma ujumbe, halafu anashangaa mbona bado kichwa kizito. Ubongo haukupumzika, umebadilishiwa kazi tu.

Kosa la pili ni kuitumia siku nzuri kufidia kazi zilizolala. Kwa wenye ME, ule ugonjwa wa uchovu sugu, na baadhi ya waliobaki na dalili za muda mrefu baada ya UVIKO-19, adhabu ya kujichosha mara nyingi huja baada ya saa 12 hadi 48. Mtu analaumu alichokula leo, kumbe sababu ni kazi ya juzi. Kwa hao, kujilazimisha kuongeza mazoezi hatua kwa hatua kunaweza kudhuru. Mwaka 2021 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, iliuondoa ushauri huo kwenye mwongozo wake wa ME. Kwa baridi yabisi hali ni tofauti: mazoezi mepesi ya mara kwa mara huupunguza uchovu. Usichukue ushauri wa ugonjwa mmoja ukaupeleka kwenye mwingine.

Kama ukungu wa akili, yaani huku kufikiri polepole na kusahau, huzidi ukiwa umesimama, pima mapigo ya moyo. Lala dakika 10, hesabu mapigo kwa dakika moja, kisha simama dakika 10 ukihesabu kila baada ya dakika mbili, na mtu awe karibu usije ukaanguka. Kwa mtu mzima, yakipanda kwa 30 au zaidi na kubaki huko juu, mweleze daktari. Wakati ukisubiri, kazi za kufikiri zifanye ukiwa umekaa na miguu imeinuliwa.

Mwenye kisukari anayetumia dawa za kushusha sukari apime kwanza kabla ya kulaumu uchovu. Chini ya 3.9 mmol/L ni sukari imeshuka: gramu 15 za sukari, subiri dakika 15, pima tena.

Zipo sababu zinazotibika ambazo hujificha nyuma ya ugonjwa mkubwa, na mimi ningeziulizia kabla ya kununua vidonge vya kuongeza kumbukumbu. Omba kupimwa hemoglobini, feritini (protini inayohifadhi madini ya chuma), tezi ya thairoidi, vitamini B12 na figo. Feritini ina mtego: hupanda ugonjwa wa kinga unapochachamaa, hivyo inaweza kusomeka ya kawaida huku madini ya chuma yamepungua. Metformini, dawa ya kisukari, ikitumiwa kwa miaka inaweza kushusha B12. Ukikoroma na kuamka umechoka, uliza kuhusu kukatika kwa pumzi usingizini.

Kisha zitazame dawa zenyewe. Dawa zinazotumika kwa maumivu kama amitriptilini, gabapentini na tramadoli, na dawa za mzio zinazoleta usingizi, kama klorfeniramini, zote huweza kufifisha akili, hasa zikichanganywa. Usiziache ghafla. Uliza kama dozi inaweza kupunguzwa au kusogezwa usiku. Kahawa nayo hukaa mwilini kwa muda mrefu: ya saa kumi jioni, karibu nusu ya kafeini yake bado ipo saa tatu usiku.

Nyumbani, kinachosaidia zaidi ni kupokea jambo moja kwa wakati na kulirudia kwa sauti kabla ya kuondoka. Vidonge viwekwe kwenye kisanduku chenye vyumba vya siku saba, na alama itiwe baada ya kumeza, si kabla. Ukikuta chumba kitupu na hukumbuki kumeza, usiongeze dozi kwa kubahatisha, mpigie mfamasia.

Mkanganyiko ulioanza ghafla, ndani ya saa au siku chache, usiuhesabu kuwa uchovu. Maneno yakivurugika, upande mmoja wa mwili ukilegea, au homa ikija pamoja na kuchanganyikiwa, nenda hospitali saa hiyohiyo. Mwenye seli mundu asingoje hata kidogo, kwa sababu kiharusi humpata hata akiwa mtoto.