Chanjo ya malaria: redioni na kwa madaktari

Umeuliza mbona habari ya chanjo ya malaria kwenye redio za Kisumu haifanani na ripoti ya madaktari. Utafiti ni uleule, wasikilizaji ndio tofauti. Daktari anataka kuona kwamba chanjo ya RTS,S ilizuia asilimia 39 ya visa vya malaria katika miaka 4 ya ufuatiliaji. Redioni asilimia hupotea. Mama anayesonga ugali atasikia tu kwamba chanjo ni dhaifu. Mwambie: kati ya visa 10, huzuia karibu 4. Papo hapo taja kwamba neti bado inahitajika, la sivyo itaishia kuanikia omena. Dozi ni 4, ya kwanza mtoto akifika miezi 6. Ya mwisho husahaulika sana, itaje mara mbili hewani. Na maneno kama "chanjo ya ajabu" yafute, tafadhali.