Laptopu mpya ya kazi, Lubumbashi: yale ya kufanya kabla ya kuandika kodi (msimbo wa programu)

Ndugu, umesema umepewa mashine yenye ramu giga 16, SSD ya giga 512, klavye ya AZERTY (mpangilio wa Kifaransa), na Windows 11 ndani. Kazi ni Django upande wa seva na Node upande wa kurasa, una giga 20 za mega (bando la intaneti) kwa mwezi, na unauliza kama uweke Windows na Ubuntu (mfumo wa Linux) pamoja. Jibu ni refu kwa sababu makosa ya siku ya kwanza hulipwa kwa kusakinisha upya, na hapo mega zinaliwa mara mbili.

Zote mbili pamoja, hapana. Laptopu ya kazi hubeba kodi ya wateja na nywila za seva, kwa hiyo diski lazima isimbwe, yaani isisomeke bila neno la siri. Ikiibiwa, mwizi apate chuma tu. Kisakinishi cha Ubuntu 24.04 husimba kwa urahisi pale tu unapofuta diski nzima. Ukitaka iishi na Windows, utagawa diski kwa mkono, na hapo ndipo wengi wanaacha usimbaji kabisa. Tena saa zitagombana: Windows huandika saa ya hapa kwenye bodi, Linux huandika UTC (saa ya marejeo ya dunia), na sisi tuko UTC+2. Kila ukihama upande mmoja kwenda mwingine saa inaruka masaa mawili, na saa ikiwa mbovu tovuti za HTTPS zinaweza kukukatalia cheti.

Kama ofisi inakulazimisha kubaki na Windows, tumia WSL2, yaani Linux inayokaa ndani ya Windows. Fungua PowerShell kama msimamizi, andika `wsl --install`, washa mashine upya. Miradi iweke ndani ya `/home` ya Linux. Ukiiweka `/mnt/c`, `npm install` itatambaa kama kinyonga, kwa kuwa kila faili ndogo inavuka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. WSL2 huruhusiwa nusu ya ramu bila kukuuliza; ukiona haitoshi au imezidi, ongeza `memory=` kwenye faili ya `.wslconfig`. Halafu kabla hujagusa BIOS (mipangilio ya kuwasha mashine), andika `manage-bde -protectors -get C:` na unakili zile tarakimu 48 za ufunguo wa dharura kwenye karatasi. Laptopu nyingi mpya huja zimeshafungwa na BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows) mwenye mashine hajui, na ukibadilisha Secure Boot tu inaziomba.

Kama uko huru, futa yote uweke Ubuntu. Faili ya kusakinisha inakaribia giga 6, yaani karibu theluthi ya mega zako. Kwa hiyo tafuta kwanza mwenzako aliye nayo kwenye fleshi. Ukiishusha mwenyewe tumia `wget -c`, ili mtandao ukikatika uendelee ulipoishia. Ikishafika, iwe imetoka kwa rafiki au kwa intaneti, piga `sha256sum` upate namba ya faili na uilinganishe na ile iliyo kwenye tovuti ya Ubuntu. Faili iliyoharibika kidogo husakinika hadi nusu ndipo igome.

Sasa klavye, kwa sababu hapa ndipo watu wa AZERTY wanaumia. Neno la siri la diski linaombwa mapema sana, kabla mfumo haujaamka, na wakati mwingine mahali pale mashine inafikiri una QWERTY (mpangilio wa Kiingereza). Unabonyeza a, yenyewe inasoma q. Unabonyeza m, inasoma nukta-mkato. Tarakimu nazo kwenye AZERTY zinataka Shift. Mtu anajiona amesahau neno la siri, kumbe vidole viko sawa na klavye ndiyo imehama. Dawa: kwenye kisakinishi chagua Kifaransa mapema na uandike herufi kadhaa kwenye kisanduku cha majaribio. Kisha tunga neno la siri lisilo na a, q, z, w, m, tarakimu wala alama. Kiswahili bila a na m ni kazi, lakini kinawezekana: kuku, kijiji, ndege, shule, ndoto. (Usitumie haya haya, yameshasomwa na jukwaa zima.) Maneno sita ya namna hiyo yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, yakitenganishwa na nafasi, yanatosha.

Kwa kuandika kodi, zoea AltGr: `{` ni AltGr+4, `[` ni AltGr+5, `|` ni AltGr+6, alama ya backtick ni AltGr+7, `\` ni AltGr+8. Wapo wanaohamia QWERTY kabisa. Sioni haja, wiki mbili zinatosha vidole kuzoea.

Ukifika kwenye saa chagua `Africa/Lubumbashi`. Ukikubali Kinshasa kwa mazoea utakuwa nyuma saa moja, na kila kitu utakachohifadhi kwenye Git (kitunza historia ya kodi) kitabeba saa hiyo.

Mashine ikiwaka, jambo la kwanza ni kulinda mega, kabla ya programu yoyote. Simu ya Android ikigawa mtandao, Ubuntu mara nyingi hutambua kwamba unalipia kwa kipimo. Modemu ya Wi-Fi haitambui. Iambie Ubuntu mwenyewe: `nmcli connection modify "Jina la Wi-Fi" connection.metered yes`. Kisha `sudo snap refresh --hold`, maana snap (programu za Ubuntu za aina hiyo) hujisasisha zenyewe. Ukifika kwenye mtandao wa ofisi ndipo upige `sudo snap refresh` kwa mkono. Usiache kusasisha kabisa.

Git ina tabia moja mbaya: `git clone` ikikatika haiendelei, inaanza sifuri. Mradi wa mega 800 ukikatika kwenye 790 umepoteza zote. Anza na `git clone --depth 1`, halafu uvute historia kidogo kidogo kwa `git fetch --deepen=200`. Funguo za SSH, za kuingilia seva na GitHub, tengeneza kwa `ssh-keygen -t ed25519`. Kama mtandao ulipo unaziba tundu (port) la 22, GitHub inapokea SSH kwenye `ssh.github.com` tundu la 443. Iandike kwenye `~/.ssh/config` na umemaliza.

Python ya Ubuntu 24.04 ni 3.12, na `pip` (kisakinishi cha vifurushi vya Python) itakataa kusakinisha nje ya mazingira ya mradi. Usilazimishe, weka `python3-venv`. Pip huchoka kusubiri baada ya sekunde 15, muda mfupi mno kwa mtandao wa jioni: `pip config set global.timeout 100`. Node usiichukue kwa apt (kisakinishi cha Ubuntu), ile ni 18 na imeshaacha kutunzwa; tumia nvm, kisakinishi cha matoleo ya Node.

Docker, inayoendesha programu kama PostgreSQL ndani ya vifurushi vilivyo tayari, ndiyo mlaji mkubwa wa mega. Mmoja ofisini ashushe kifurushi, apige `docker save postgres:16 | gzip > postgres16.tgz`, wengine wapokee kwa fleshi na `docker load -i postgres16.tgz`.

Umeme. Mashine nyingi za Dubai huja na plagi ya Kiingereza. Adapta isiyo na waya wa ardhi ndiyo inayofanya chuma kikuwashewashe mkononi, kwa hiyo nunua waya wenye plagi ya Kifaransa. Kufunga chaji kwenye 80% ni kwa mashine inayokaa kwenye umeme siku nzima. Kwenye delestaji (mgao wa umeme) ya kila siku acha 100%, betri inashuka yenyewe. Badala yake fungua `/etc/UPower/UPower.conf` upandishe `PercentageAction` (asilimia ambayo mashine hujizima au kulala yenyewe) kutoka 2 hadi 6, na `PercentageCritical` hadi 8 ili ibaki juu yake, la sivyo UPower inarudi kwenye namba za awali, maana betri ikizeeka hutoka 5% hadi giza bila kupitia 2.